Kruwazieri ya Kwenda na Kurudi

Ukurasa ule ulikuja na sabuni. Mama mmoja wa sokoni, katika mji wetu wa Baraka, anayeuza sabuni ya kukata vipande, alinifungia kipande changu kwa karatasi ya gazeti la Kifaransa, mojawapo ya yale yenye picha za kung'aa. Nilipofika nyumbani nikaifungua taratibu, kwa sababu karatasi kama ile haitupwi, ni ya kubandika ukutani. Sabuni ilikuwa imeacha doa la mafuta kwenye kona. Katikati palikuwa na meli nyeupe, ndefu kuliko barabara yetu yote, na juu ya meli mwanamke na mwanamume wamejilaza kwenye viti vya kitambaa. Kati yao alilala mtoto mchanga mwenye kofia ya njano. Hawakuwa wakifanya kitu chochote. Hilo ndilo lililonishika.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kifaransa alikisoma kwa sauti ya kanisani. Akasogeza ukurasa kwenye mwanga wa mlango.

"Banasema ni kruwazieri."

"Ni kitu gani?"

"Ni kutembea na meli. Unapanda, unaangalia maji, unakula, unalala, njo unarudia kwako."

"Banaenda kuuzisha nini?"

"Hapana kitu."

"Banaenda kulilia muntu?"

"Hapana, mama. Banaenda kutembea tu. Na mutoto yabo."

Nilimtazama binti yetu. Alikuwa bado hajajua kukaa. Alikuwa amelala juu ya mkeka, anacheza na vidole vyake mwenyewe na kuvishangaa. Nikasema, basi na sisi tutaenda kruwazieri. Mume wangu alicheka, kisha akaona sicheki, akaacha.

Kwa ambaye hakuishi Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, miaka ile ya vita, nieleze kidogo. Ziwa tulikuwa nalo mlangoni. Asubuhi tuliamka nalo, jioni tulioga humo, samaki wake walitulisha. Lakini mtu ambaye si mvuvi wala mchuuzi alipanda mtumbwi kwa sababu moja tu, kukimbia. Vita vya kwanza vilipoingia mimi nilikuwa msichana. Nilivuka kwenda Tanzania chini ya turubai, nimelala juu ya sufuria za watu, na maji yenyewe sikuyaona hata tone, niliyasikia tu yakigonga mbao karibu na sikio langu. Baadaye nilirudi, usiku na chini ya turubai vilevile, nikaolewa, na vita vya pili vikatukuta hapohapo Baraka. Vilikuja na kupumzika, vikaja tena na kupumzika tena, mpaka tukazoea kuishi katikati ya mapumziko. Watoto wote wa barabara yetu walisafiri majini kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa mgongoni mwa mtu anayekimbia, na wengi wao waliokwenda hawakurudi.

Wangu nilisema hapana. Nilitaka mara yake ya kwanza majini iwe matembezi. Nilitaka aondoke kwa raha na arudi nyumbani kwake. Zaidi ya hapo sikuomba kitu kwa Mungu mwaka ule. Nikiamua jambo mimi ni mbishi kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni, muulize mume wangu.

Tuliubandika ukurasa juu ya kitanda kwa uji wa muhogo. Mchana, shule ikiisha, tulilala chini yake, mtoto katikati yetu kama wale wa pichani, na mume wangu akasoma mashauri yaliyoandikwa pembeni. Chagueni chumba cha katikati ya meli, huko mawimbi hayatikisi. Ulizeni mapema kama melini kuna daktari wa watoto. Msisahau kofia. Msipange shughuli nyingi, mtoto ataamua siku iendeje. Alisoma na kutafsiri, nami nilikuwa nanyonyesha, na ile hali ya kunyonyesha unaijua kama umewahi kuzaa: mwili unalegea, macho yanakuwa mazito, chumba kinasogea. Ukuta wa udongo ulipanda na kushuka taratibu. Nikasikia maji chini ya kitanda. Mara nyingine nilisafiri mbali sana kabla mtoto hajaachia ziwa langu.

Meli nyeupe hatukuwa nayo. Tulikuwa na boti ya mbao yenye injini moja, iliyokuwa inapeleka chumvi na sabuni Ubwari na kurudi na dagaa na mawese. Ubwari ni ile rasi ndefu ya milima inayolala mbele ya Baraka, ng'ambo ya ghuba. Unaiona kila siku, na siku ya mvua inasogea karibu mpaka unadhani utasikia jogoo wake. Boti ilizunguka ncha ya rasi mpaka upande wa pili, unaotazama ziwa kubwa, na huko alikuwepo mjomba wa mume wangu ambaye angetulaza. Tungekwenda, tungelala siku tatu hivi, tungerudi na boti ileile.

Mume wangu alikwenda kumwona nahodha, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata maandiko, akamwuliza yote yaliyomo ukurasani.

"Kapiteni, mu boti kuko munganga ya batoto?"

Nahodha alifikiri sana. "Munganga haiko. Iko mi. Nilizala batoto munane, bote banajua kuogelea."

"Na chumba ya katikati?"

"Katikati kuko mifuko ya chumvi. Mutakaa pale juu. Ni fasi ya bakubwa."

Mume wangu aliniletea habari hizo akiwa na furaha ya mtu aliyekata tiketi. Mimi nilifumua pulova yake ya zamani ya njano, iliyokuwa imeliwa na mende kwenye viwiko, nikafuma kofia ndogo. Uzi uliobaki nikauviringisha na kuuweka.

Aliyekataa safari alikuwa mama mkwe. Alikaa nyumba ya nyuma, ua mmoja na sisi. Ni mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na kila neno lake lina mfupa. Binti yake wa mwisho, mdogo wa mume wangu, alipanda mtumbwi wakati wa vita vya kwanza kwenda Ubwari kuchukua mawese, akasema atarudi baada ya siku chache. Hakurudi. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na habari, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyethubutu kuliongelea. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba nikilifikiria sana sitakwenda popote.

"Maji haiko fasi ya kutembea," aliniambia. "Kama munataka kutembea, mwende ku kanisa."

"Mama, mwenda bure si mkaa bure."

"Mukaa bure tunamuonaka ku nyumba."

Nikanuna. Tangu siku ile tulisalimiana asubuhi na jioni, basi.

Sasa nifike kwenye mihogo, maana mihogo ndiyo iliyotaka kuiharibu safari yangu.

Kwetu muhogo mchungu hulowekwa kwenye madimbwi ya kando ya kijito, ndani ya maji, siku tatu au nne, mpaka ulainike na uchungu utoke. Ndipo unautoa, unaumenya, unauanika, unautwanga. Kila mwanamke ana dimbwi lake, ana mawe yake ya kukandamizia, ana alama yake. Ya mwenzako huigusi. Na aliyeloweka mihogo ni mtu aliyepo. Hata kama mlango wake umefungwa, ukiona mihogo yake iko majini unajua atarudi kuitoa. Ikiwa bado migumu haiondolewi. Wanaoondoa mihogo migumu ni watu wa aina mbili tu, mwizi na mtu anayekimbia.

Mimi nilikuwa nimeiloweka jana yake. Nahodha akatuma habari kwamba boti itaondoka kesho asubuhi, si wiki ijayo kama alivyosema. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: nikichelewa kidogo tu, mihogo itapita kiasi, na kitu nisichokiweza mimi ni ugali unaonuka. Ningeweza kumwomba mama mkwe anitolee, lakini nilikuwa nimenuna. Basi nikateremka kijitoni mchana peupe, nikatoa mawe, nikaipakia mihogo yangu migumu kwenye kikapu nikaimalizie kuloweka kwa mjomba, nikapanda nayo nikiimba. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Niliwasalimia, wakaitikia polepole. Sikutambua kitu. Akili yangu ilikuwa imeshapanda boti.

Nilipofika nyumbani nikaanika nguo zote za mtoto kwenye ua, zote kwa pamoja. Mume wangu akaja na begi aliloazima kwa mwalimu mwenzake. Nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto, nikasinzia, na katika usingizi nikasikia mbuzi wengi.

Walikuwa mbuzi kweli. Nilitoka nje nikakuta barabara nzima inafunga mizigo. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba. Jirani wa kushoto alikuwa na sufuria tatu kichwani, moja ndani ya nyingine, na kuku kwapani. Mzee wa nyumba ya mbele alikuwa anang'oa mlango wake kutoka kwenye bawaba, maana mara ya kwanza alipokimbia waliuiba.

"Mama mutoto," jirani aliniuliza kwa kunong'ona, "banafika wapi sasa?"

"Banani?"

"Bale munakimbia."

Ilinichukua muda kuelewa. Mume wangu alikuwa mwalimu, alikuwa na redio, alionekana akiongea na nahodha wa boti na kuulizia nafasi za katikati. Alionekana na begi. Nguo za mtoto zilikuwa kwenye kamba. Na juu ya yote, mimi nilikuwa nimeondoa mihogo migumu majini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwetu mara nyingi lilikuja kweli. Walikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini mimi sikuona haki, niliona safari yangu inaliwa. Nilipandwa na hasira. Nikasimama katikati ya barabara, mtoto begani, nikapiga kelele.

"Hatukimbie muntu! Tunaenda kruwazieri!"

Watu wakanigeukia. Kisha mzee mwenye mlango akauliza, "Kruwazieri iko upande gani ya Kigoma?"

Mume wangu alikimbia ndani akabandua ukurasa, akauleta, akawaonyesha. Ukapita mkono kwa mkono. Wakaitazama meli, wakamtazama mtoto wa kofia ya njano, wakatutazama sisi. Niliona hawaamini. Watu waliolala kwenye viti mchana juu ya maji, hawauzi, hawalii, hawakimbii, ni watu wa wapi hao? Jirani wa kushoto hakutua sufuria zake.

Ndipo mama mkwe alipotoka ua wa nyuma. Hakuutazama ukurasa. Alikitazama kikapu changu.

"Kama unarudia," alisema, "rudisha mihogo mu maji."

Nikarudisha. Nilishuka kijitoni na barabara nzima nyuma yangu, na sufuria zao na mbuzi wao, na yule mzee hakuacha mlango wake. Niliingiza mihogo dimbwini kipande kwa kipande, nikapanga mawe juu yake, na kwenye mti mdogo pale ukingoni nikafunga ule uzi wa njano uliobaki kwenye kofia. Jirani akatua sufuria.

"Sawa," alisema. "Tutakuwa tunaangalia ile uzi."

Hapo nikaelewa kwamba safari haikuwa yangu tena peke yangu. Tusiporudi, wataondoka wote.

Asubuhi, pale ufukweni, askari alituzuia. Alikuwa kijana, bunduki yake imefungwa kamba badala ya mkanda.

"Munaenda fasi gani?"

"Kutembea," mume wangu akajibu.

"Munakimbia nani?"

"Hatukimbie. Mihogo yetu iko mu maji."

Askari alimtazama mtoto, na kofia yake. Nadhani alikuwa mtoto wa mkulima, maana lile la mihogo alilielewa mara moja. Akasogea pembeni. "Mukirudia muniambie vile iko," alisema.

Tulikaa juu ya mifuko ya chumvi, ile fasi yetu, mahali pa wakubwa. Injini ikakohoa, ikashika, na Baraka ikaanza kusogea nyuma: mabati, moshi, miti ya mawese, wanawake wenye ndoo. Nilikuwa sijawahi kuuona mji wangu ukiwa mbele yangu wote kwa pamoja. Ulikuwa mdogo na mzuri. Mume wangu alijilaza chali akaweka mikono chini ya kichwa, kama yule mwanamume wa pichani, na chumvi ikamchoma mgongoni akaamka, akajilaza tena. Nilicheka mpaka mtoto akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza chenye sauti.

Halafu sijui niseme nini, kwa sababu hakuna kilichotokea. Maji yalikuwa ya kijani karibu na pwani, yakawa ya buluu, yakawa ya rangi ambayo sina neno lake. Jua lilipanda. Ubwari ilikuja taratibu, na mimea yake, na mashamba yaliyoning'inia mlimani, na moshi mmoja mwembamba. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya. Tulipozunguka ncha ya rasi ziwa likafunguka. Upande wa pili milima ya Tanzania ilikuwa ya buluu hafifu, na katikati hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimelivuka ziwa lile zima na sikuwahi kuliona katikati yake. Nilikaa pale na machozi yananitoka, na sikuwa na huzuni hata kidogo.

Mume wangu alimwomba nahodha azime injini kidogo. Nahodha alimtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtu mwenye homa, lakini akaizima. Kimya kilichoingia sijawahi kukisikia tena. Boti ilizunguka polepole, yenyewe. Maji yaligonga mbao, sauti ileile niliyoisikia nikiwa chini ya turubai, na safari hii niliinama nikayaona yakigonga. Nikachovya kidole, nikamlowesha binti yangu paji la uso chini ya ile kofia. Alikunja uso. Akatazama juu, akatazama maji, akatutazama, na akapiga miayo.

"Mutoto ameamua," mume wangu alisema. "Siku iende vile."

Kwa mjomba tulikula samaki, tulioga, tulilala mchana. Watu wa kijiji walikuja kututazama. Waliuliza tumekuja kwa msiba gani, na mjomba akawajibu kwa fahari, "Haiko musiba. Banakuja kunionaka." Siku zilipita bila kugusana. Nilimlaza mtoto kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa nikamwimbia nyimbo nilizokuwa nimezisahau. Sikuwahi kuwa na furaha namna ile, na nilijua wakati uleule kwamba ndiyo furaha, jambo ambalo si la kawaida.

Siku ya kurudi tulisikia bunduki. Zilikuwa mbali, juu ya milima ya upande wa Fizi, mlio mkavu wa kuvunja kuni. Askari wa pale kijijini wakaamuru boti yoyote isiingie ghubani. Tukashuka botini. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho yake tena.

Sikula. Nilikaa ukingoni nikitazama upande ambao Baraka haionekani, nikafikiria mihogo. Kufikia hapo imeshalainika. Sasa imeshapita. Sasa inaanza kunuka. Bunduki zile hata wao wamezisikia. Watakuwa wamekwenda kijitoni, wameona uzi upo na sisi hatupo. Mtu mmoja atasema mwalimu alijua, alituficha. Nilimwona jirani na sufuria zake kichwani. Nilimwona mama mkwe peke yake uani. Nilikuwa nimemnyima amani mwanamke ambaye tayari alimngoja mtu mmoja asiyerudi, ili mimi nikatazame maji. Nilimwambia mume wangu ukurasa wake ulaaniwe. Hakunijibu kwamba ukurasa ulikuwa wangu. Aliushika tu mguu wa mtoto, akaushika hivyo mpaka akalala.

Waliporuhusu boti, nahodha hakupoteza muda. Kurudi sikuona rangi ya maji. Ufukweni Baraka alikuwepo askari mwingine, na yule kijana sikumwona tena. Barabara yetu ilikuwa kimya. Nyumba kadhaa zilikuwa zimefungwa, na ya mzee wa mbele haikuwa na mlango. Nyumba ya nyuma ilikuwa wazi, jiko la mama mkwe limepoa.

Jirani wa kushoto alitokea. Hakuwa amekwenda. Hakunisalimia hata, alielekeza kidole kijitoni.

"Mama mukwe yako iko kule. Tangu masasi ya bunduki inalia, anashinda kule. Banamoja bamekimbia ku mashamba. Siye tulimuuliza, tuende ao tubakie? Anasema mihogo iko mu maji. Nilitaka kukutoshea ile mihogo mu maji, inaoza, chakula inapotea. Akanifukuza na fimbo."

Nilishuka mbio na mtoto mgongoni. Harufu nilikutana nayo kabla sijaona kitu. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu yake ndani ya maji kando ya dimbwi langu, fimbo mapajani. Uzi wa njano ulikuwa palepale. Mihogo ilikuwa imevimba na kugeuka kijivu, povu limezunguka mawe.

"Mama," nilisema, "juu ya nini haukuitosha?"

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mtoto aliyechungulia begani kwangu, akaangalia kofia, akaangalia mtoto tena.

"Ile ya mudogo ya bwana yako niliitosha mi mwenyewe," alisema. "Aliilobeka, akaenda. Siku ilipita, nikasema inaoza. Nikaitosha, nikaianika, tukaikula." Akalisukuma povu kwa mguu. "Mi najua ni mihogo tu. Lakini nawazaka: kama ningeiacha mu maji, ye angekuwa angali mu njia."

Nilitaka kumwomba radhi, nilitaka kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi. Yeye alinyoosha mikono.

"Leta mutoto. Na ile mihogo tosha we mwenyewe. Ni yako."

Nilimpa mtoto, nikapandisha kitenge, nikaingia majini. Nikaondoa mawe. Mihogo iliyeyuka mikononi mwangu, nami nisiyependa ugali unaonuka niliiokota yote, kipande kwa kipande, hata vile vilivyopita kati ya vidole. Nyuma yangu nilisikia mama mkwe anamvua binti yangu kofia, anamnusa utosi. Kisha akaanza kuongea naye kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ya mtu anayemwongelesha msafiri aliyefika salama.

"Karibu, mama. Uniambie sasa. Kule ku maji, ulikuta nani?"